Nyumba za mawe za Lamu zinaoza ndani ya saruji

Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye nyumba na mafundi wenzangu wa Lamu juu ya jambo linalorudi kila masika yakiisha, nalo ni tabia ya kuzifunika kuta za mawe kwa plasta ya saruji mara tu madoa ya unyevu yanapojitokeza. Mimi ni mkandarasi. Kazi yangu ya kila siku ni kukarabati nyumba kongwe za mitaa ya Mkomani na Langoni, na pia kujenga nyumba mpya, kwa hiyo siandiki kwa kuichukia saruji. Nainunua, naitumia, na mahali pake napajua. Ninachokipinga ni kuitia mahali inapoiua nyumba polepole huku mwenye nyumba akiamini kwamba ameitibu.

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu una unene wa karibu nusu mita. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, mengi yakiwa vipande visivyo na umbo moja, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga, kisha uso wake ukapigwa plasta ya chokaa hiyohiyo. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji na huyatoa, na chokaa ni vivyo hivyo. Maji yanayopanda kutoka ardhini, au yanayopenya wakati wa mvua, husafiri ndani ya ukuta mpaka yakafika usoni, na hapo upepo huyachukua. Yakiondoka huacha chumvi, na chumvi hiyo hubambua chokaa ya juu kidogokidogo, ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakipaka nyumba chokaa upya kila baada ya muda bila kuona kwamba kuna hitilafu yoyote. Chokaa ya juu ilikuwa inaliwa ili jiwe lisiliwe.

Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa namna hiyo, unaziba njia ya kutokea. Maji hayaachi kuingia kwa sababu umeyazibia pa kutokea; yanabaki ndani na kupanda juu zaidi yakitafuta upenyo. Doa lililokuwa kimo cha goti linafika kiunoni, na mwaka unaofuata linafika begani, na mwenye nyumba huita fundi aongeze plasta nyingine juu ya ile ya kwanza. Baada ya miaka kadhaa saruji hiyo huachana na ukuta kwa mapande makubwa na kuanguka pamoja na uso wa jiwe lenyewe, kwa kuwa imelishika jiwe kwa nguvu kuliko jiwe linavyojishika. Hata hivyo, kubambuka si balaa kubwa. Balaa ni pale maji yanapozifikia ncha za boriti zilizozamishwa ukutani.

Hivi karibuni niliitwa katika nyumba moja ya Mkomani kwa sababu mlango wa chumba cha ghorofani ulikuwa umekataa kufunga. Kuta za chini zilikuwa zimepigwa saruji na kupakwa rangi ya mafuta, safi, zinang'aa, na kwa macho hakukuwa na kasoro. Nilipogonga kwa mpini wa nyundo nikasikia mlio wa uwazi karibu ukuta mzima. Tulitoa kipande cha plasta chini kidogo ya dari, upana wa mikono miwili hivi. Jiwe lililokuwa nyuma lilikuwa limelowa kana kwamba limetolewa baharini, na ncha ya boriti ya kwanza ilivunjika vidoleni mwangu, ikawa ungaunga wenye weusi. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Sehemu ya boriti iliyokuwa wazi chumbani, inayoonekana na kila mtu, ilikuwa nzima kabisa, ngumu, yenye rangi yake. Sakafu ya juu ilikuwa imekaa juu ya ukingo wa plasta na juu ya bahati, na mlango haukufunga kwa sababu sakafu ilikuwa imeshaanza kushuka.

Wapo wanaosema chokaa ni dhaifu na kwamba watu wa zamani waliitumia kwa sababu hawakuwa na kitu bora. Nawaomba waende wakaitazame Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1813 na kumalizika 1821, yaani miaka 3 kabla ya Joseph Aspdin kusajili hataza ya saruji ya Portland huko Uingereza. Wakivuka kwenda Manda wataona kuta za Takwa, na wakifika upande wa Malindi wataona za Gede. Miji hiyo ilihamwa katika karne ya 17, mapaa yakaanguka, mvua ikazinyeshea kuta hizo bila kinga, na bado zimesimama. Chokaa ina nguvu ya namna yake. Jiwe la matumbawe likichomwa tanurini kwa joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni dioksaidi na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kulainika. Na ikishapakwa ukutani huivuta polepole hewa ileile iliyoitoa na kurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo huendelea kwa miezi na hata miaka, na ndiyo sababu ukuta wa chokaa hukubali kujinyoosha kidogo nyumba inapotulia, ilhali saruji hupasuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote aliyeona doa ukutani ni huu: usinunue chochote mpaka umejua maji yanatoka wapi. Doa la chini, lenye ukingo wa chumvi nyeupe, mara nyingi ni maji ya ardhini au ya mtaro ulioziba kando ya nyumba. Doa la juu, hasa kwenye kona ya dari, aghalabu si maji ya ardhini. Hilo hutoka kwenye paa, kwenye mlizamu unaomwaga maji ya paa, kwenye choo cha ghorofani, au kwa jirani. Kuna na unyevu wa tatu ambao watu huusahau, nao ni mvuke wa chumbani, hasa katika vyumba vilivyotiwa viyoyozi na madirisha ya vioo yasiyofunguliwa. Ili kuutambua, chukua kipande cha nailoni kama ukubwa wa sahani, kigundishe ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache kwa siku mbili. Ukikuta matone upande unaotazama ukuta, maji yamo ukutani. Ukiyakuta upande unaotazama chumba, fungua madirisha, huna haja ya fundi.

Choo cha ghorofani kinahitaji kuangaliwa peke yake, kwa maana ndicho kilichoharibu nyumba nyingi kuliko mvua. Katika nyumba za kale birika la chooni la kuwekea maji lilijengwa kwa chokaa iliyosuguliwa mpaka ikawa laini, na wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo birikani mlikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri limejengewa chini ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Birika likitoa ufa, ujazo wake husema: lijaze jioni, weka alama ya penseli kwenye ukingo wa maji, lisitumike usiku kucha, na utazame asubuhi. Siku hizi mabirika mengi yamevunjwa, mahali pake pamewekwa bomba na vigae, na mabomba yakapitishwa ndani ya ukuta. Bomba likivuja nyuma ya kigae halionekani mpaka boriti za chini yake zioze. Funga mifereji yote ya nyumba, kisha tazama mita ya maji. Kama inaendelea kuzunguka, unalo tatizo, na kupaka rangi hakutalitatua. Nami hushauri kila mara kwamba mabomba mapya yapite nje ya ukuta, yaonekane, hata kama hayapendezi, ili siku yatakapovuja yaonekane pia.

Katika kutafuta maji, msikilizeni mama mwenye nyumba. Nyumba nyingi za mawe hapa kwetu ni mali ya wanawake, kwa kuwa desturi ya mji ilikuwa baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na mwanamke aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo na kulea wanawe humo anajua mvua ya kusi inaingia kwa dirisha gani na ni mwaka upi mtaro wa nyuma ulifunikwa. Nimeona mafundi wakifika, wakasalimu, kisha wakamtafuta mume au mtoto wa kiume ili wazungumze naye habari za kazi. Nusu ya uchunguzi wa nyumba hupotea kwa adabu mbovu ya namna hiyo.

Jirani naye ni sehemu ya ukarabati. Nyumba zetu zinashirikiana kuta, na mahali pengine wikio limevuka kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili juu. Mlizamu wa huyu humwagia ukuta wa yule. Hakuna faida ya kukarabati upande wako ikiwa maji ya paa la jirani yanaendelea kushuka kwenye ukuta uleule, na hakuna haki ya kumlaumu jirani kabla ya kwenda kubisha hodi, mkakaa, mkatazama pamoja kutoka juu. Halafu kuna vichochoro vyenyewe. Kila vinapowekwa sakafu mpya bila kuondoa ile ya zamani, usawa wa njia hupanda, na mwisho maji ya mvua yanasimama juu zaidi ya msingi wa nyumba na juu zaidi ya kizingiti cha daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Wanaosimamia kazi za njia na mitaro wanapaswa kuanza kwa kuchimba na kushusha, ndipo waweke vigae vyao.

Maji yakishapatikana na kuzuiwa, ukuta upewe muda wa kukauka, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Plasta ya saruji iondolewe kwa patasi ndogo kwa upole, kuanzia chini, maana ukitumia nyundo nzito utaondoka na jiwe. Chumvi itakayotokea usoni ifagiliwe kwa brashi kavu na kutolewa nje; kuosha kwa maji huirudisha chumvi ndani ya jiwe. Ukuta mnene uliolowa kwa miaka hauwezi kukauka kwa wiki mbili. Ukiweza, uache wazi mpaka upepo wa kaskazi uupitie. Najua ni vigumu kuishi na ukuta ulio uchi, na hasa ikiwa harusi ipo mbele, lakini plasta mpya juu ya ukuta uliolowa ni fedha zilizotupwa, hata kama plasta hiyo ni ya chokaa.

Chokaa ya mifuko inayouzwa madukani inafaa, ilmradi haikukaa wazi ikapigwa na hewa. Iloweke kwenye pipa kabla ya kuitumia, angalau siku moja, na wiki ni bora, mpaka iwe laini na nzito. Wazee waliiweka shimoni, ikifunikwa na maji, kwa miezi mingi, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyonata vizuri. Anayelainisha chokaa kali mwenyewe na akumbuke kwamba chokaa hutiwa ndani ya maji, kidogokidogo, na maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwa kuwa huruka na kuunguza. Macho yafunikwe na watoto wasiwe karibu. Mchanganyiko wa kawaida ni karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza ili usiivute plasta ikakauka ghafla. Kila tabaka lisizidi sentimita moja. Tabaka linalofuata lisubiri siku kadhaa. Na kazi yote itiwe kivuli kwa magunia yaliyoloweshwa, maana jua la Lamu likiipiga plasta mbichi itapasuka siku hiyohiyo. Juu yake paka chokaa nyepesi, tabaka tatu au nne. Rangi ya mafuta na zile za plastiki zitaurudisha ukuta pale ulipokuwa.

Kazi hii ni ya polepole na siwezi kudanganya kwamba gharama yake ya mwanzo ni ndogo. Plasta ya saruji humalizwa kwa siku chache. Ya chokaa huchukua wiki, na vibarua hula kila siku. Anayekuambia bei sawa kwa kazi hizi mbili hajui moja kati yake. Lakini nimeshuhudia nyumba zilizolipia saruji mara tatu na bado zikaishia kwenye chokaa, pamoja na gharama ya boriti mpya ambazo zisingeoza.

Juu ya boriti nina mengi, ila nitasema ya lazima. Ncha ndiyo ya kuchunguza. Chukua bisibisi nyembamba uichome boriti pale inapoingia ukutani, kwa juu na kwa chini; ikizama bila nguvu, usimruhusu mtu kulala chumba cha chini yake mpaka pawekwe nguzo za muda. Nguzo hizo zisimame juu ya ubao, na ikiwa kuna ghorofa nyingine chini, nazo ziwekwe huko pia, zielekeane, vinginevyo unahamishia uzito mahali pasipouweza. Boriti hubadilishwa mojamoja. Sokoni mikoko huuzwa kwa unene, kuanzia fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo, na boriti ni ile yenye kipenyo cha sentimita 11 na nusu hadi 14. Tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, jambo lililowagusa sana wakataji wa mikoko wa Lamu, nimeona mazio yakiwekwa mahali pa boriti kwa kisingizio cha uhaba. Mazio hayawezi kazi hiyo. Ikiwa boriti za kutosha hazipatikani, ni afadhali kusubiri na nguzo za muda zikiwa mahali pake. Boriti mpya imenywe ganda, ikaushwe kivulini, na ncha yake iachiwe nafasi ya hewa ndani ya ukuta na kuzungushiwa chokaa. Kuizungushia saruji ni kuizika.

Sakafu ya juu ya boriti hizo ni ya mawe bapa, kifusi na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana, na tayari ni nzito. Upana wa vyumba vyetu, ambao aghalabu haufiki mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti, na wajenzi waliujua uzito waliokuwa wakiuweka. Sasa watu humwaga zege juu yake ili kusawazisha kabla ya kuweka vigae. Zege la mita moja ya ujazo lina uzito wa takriban kilo 2,400. Kwa hiyo tabaka la sentimita 10 katika chumba cha mita 2 na nusu kwa mita 6 ni kama kilo 3,600, na uzito huo wote umewekewa boriti ambazo zina umri wa babu wa babu zetu. Hali kadhalika matangi ya maji. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na mengi yamewekwa katikati ya paa kwa sababu ndipo yanapojificha yasionekane kutoka njiani. Tangi likae juu ya ukuta mnene, au juu ya mihimili iliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, na ikiwezekana likae chini kabisa na maji yapandishwe kwa pampu.

Nyufa nazo huwatia watu hofu kupita kiasi au huwapita kabisa. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha mbili za ufa, gundisha kijipande chembamba cha kioo kuuvuka, kisha usubiri. Kioo kisipovunjika kwa miezi kadhaa, ufa huo ni wa zamani na unajazwa chokaa. Kikivunjika, nyumba inatembea, na hapo aitwe mtu anayejua kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wanaojenga upya huko Wiyoni, Kashmir, Shela au Malindi, saruji na vyuma ndiyo njia yao, nami nina neno moja tu zito: mchanga wa pwani na maji ya kisima cha chumvi visiingie kwenye zege lenye chuma. Chumvi hukilisha chuma kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe mara kadhaa, na zege hupasuliwa kutoka ndani. Ukiona mstari mwekundu wa kutu chini ya slabu ya nyumba isiyo na hata miaka kumi na tano, umeona mchanga wa ufuoni. Palipo karibu na bahari chuma kifunikwe na zege la angalau sentimita 4 kila upande, na slabu imwagiliwe maji matamu kwa siku zisizopungua 7. Tena mchanga wa machuguu ya Shela usiguswe kabisa, kwa sababu ndio unaohifadhi maji tunayoyanywa mjini.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nyumba zilizomo zinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kabla ya kubomoa ukuta, kupandisha ghorofa au kubadilisha mlango, idhini ya Makumbusho inahitajika. Watu hulalamika kwamba hilo huchelewesha kazi. Ni kweli huchelewesha. Lakini afisa anayekuja kutazama hukueleza bila malipo mambo ambayo mkandarasi angekutoza, na nimewahi kunusurika kutoa ukuta wa ndani kwa kuonyeshwa kwamba ndio uliokuwa umeubeba ukuta wa juu.

Kuhusu kuchagua fundi, usiombe kuonyeshwa nyumba aliyoimaliza mwezi uliopita, kwa kuwa kila plasta mpya inapendeza. Omba nyumba iliyokwisha kupitiwa na masika mawili, uende ukaguse ukuta kwa kiganja na uzungumze na wenyewe. Muulize maji yanatoka wapi. Akijibu kwa kutaja idadi ya mifuko ya saruji, mshukuru na umwage kwaheri. Makubaliano yaandikwe hata kama fundi ni binamu yako: kazi ipi, vifaa gani, nani ananunua, malipo yatolewe baada ya hatua ipi. Malipo ya nusu nzima kabla ya kazi kuanza yamevunja undugu mwingi katika mji huu. Vifaa vinunuliwe na mwenye nyumba au mbele yake, vihesabiwe vinaposhushwa jetini na tena punda wanapovifikisha mlangoni, na fedha ya mwisho ibaki mpaka mvua ya kwanza inyeshe.

Mwisho, nina ombi kwa serikali ya kaunti na kwa Makumbusho. Kazi za umma zinazotangazwa katika mji wa kale, ziwe za ofisi, shule au zahanati, ziandikwe katika zabuni kwamba kuta za matumbawe zitapigwa plasta ya chokaa, maana mkandarasi hufuata karatasi, na karatasi isiposema hivyo atanunua kilicho rahisi. Vyuo vya ufundi vya hapa vifundishe chokaa kama vinavyofundisha saruji; mafundi wanaoijua kwa mikono wamezeeka, na kijana hawezi kujifunza unyevu wa plasta kwa kusoma. Na kwa kuwa kinachowakimbiza wengi kwenye saruji ni kwamba chokaa iliyolowekwa vizuri haipatikani siku wanapoihitaji, naomba mji uwe na shimo moja la chokaa linalotunzwa, lenye mtu wa kuliangalia na bei iliyobandikwa wazi. Likianza kujazwa sasa, kabla ya mvua za vuli, chokaa yake itakuwa tayari kwa ukarabati wa kaskazi ijayo, nami niko tayari kuchangia mawe na vibarua vya kulichimba.

Wako,
Mkandarasi wa ujenzi,
Mkomani, Lamu